Wale Niliowapanga Kushoto

Kila mwaka, tukikaribia ile mada ya kuunganisha sentensi mbili za Kiingereza kwa who, which na whose, mimi huwa naumwa. Sijisingizii. Tumbo linajaa, kichwa kinagonga, sauti inakauka. Mwaka jana nilimwomba mwenzangu wa darasa la jirani anishikie vipindi vinne, nikamwahidi kwamba nitamsahihishia insha zake zote za kidato cha tatu. Alicheka. "Madam, mada nyepesi hivyo? Si unawapa tu who kwa watu, which kwa vitu, maisha yanaendelea?" Nikamwambia koo linanisumbua. Hakuna hapa shuleni anayejua kwa nini koo langu huchagua mada hiyo hiyo kila mwaka.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyajua peke yangu. Kama kuna nafuu ndani yake, bado sijaiona.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nilizaliwa Kambarage, Shinyanga, baba yangu akiuza kanga na vitenge sokoni. Babu alikuja huku kutoka pwani kufuata biashara, akaoa, akabaki. Nyumbani kwetu hatukuwa na shamba wala mifugo ya kujivunia, kwa hiyo tulijivunia Kiswahili. Mteja kutoka vijijini akija dukani kuulizia kitenge chenye "langi" nyekundu, baba alimhudumia kwa adabu zote. Akishatoka, sisi watoto tulimwigiza mpaka tukashika mbavu, na baba hakutukataza. Nilikua nikiamini kwamba mtu anayekosea herufi moja ana kasoro nyingine nyingi kichwani. Imani hiyo niliingia nayo chuoni, nikatoka nayo pamoja na cheti.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa shule ya sekondari ya kata upande wa Msalala, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Segese. Nusu ya wanafunzi walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji, nusu watoto wa wachimbaji wadogo waliohamahama kufuata dhahabu. Nyumbani walisema Kisukuma, Kiswahili kilikuwa lugha yao ya shule ya msingi, na Kiingereza kilikuwa kitu wanachokiona ubaoni tu. Mimi nilitaka kuhamia mjini tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa na ulimi mkali na nilidhani ndio ualimu.

Baba wa yule binti nilionana naye siku aliyomleta kidato cha kwanza. Alikuwa mzee mrefu, mkononi ana fimbo, miguuni kandambili za tairi, na alinisubiri nje ya ofisi ya walimu kwa muda mrefu bila kugonga mlango. Nilipotoka nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniita pembeni kama mtu mwenye siri.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Huyu ni wa kwanza kwangu kufika huku. Akiweza, nitauza ng'ombe mpaka zizi libaki miti mitupu, asome mpaka aseme basi. Asipoweza, naomba uniambie mapema. Usinifiche kwa kunionea huruma. Madaftali yake mimi siwezi kusoma. Macho yangu ni wewe."

Nakiri nilichokisikia vizuri zaidi katika maneno hayo ni "madaftali". Nilijizuia kucheka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamwambia ukweli wowote utakaokuwepo. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaondoka kwa miguu.

Binti mwenyewe hakuwa na makuu. Alikaa safu ya dirishani, aliandika kwa herufi ndogo zilizobanana, na hakupenda kunyoosha mkono. Kidato cha kwanza kikapita nikiwa sijamtazama vizuri hata mara moja. Kidato cha pili tukafika kwenye ile mada.

Nilivyoifundisha ni vile vile nilivyofundishwa mimi. Nilichora mstari katikati ya ubao. Kushoto niliandika who, chini yake watu. Kulia niliandika which, chini yake wanyama na vitu. Chini kabisa nikaweka whose, ya kuonyesha mwenye mali. Darasa likakariri kwa sauti mara kumi. Nikawapa zoezi la kuandika sentensi tano kuhusu nyumbani kwao, kesho yake nikakusanya madaftari, nikaanza kusoma zile zilizokosewa mbele ya darasa. Huo ndio ulikuwa utaratibu wangu. Zilizopatiwa nilizirudisha kimya kimya, na zilizokosewa nilizisoma kwa sauti ya kuigiza.

Yake ilisema, "The cow who gives much milk is old." Alimaanisha ng'ombe wao anayetoa maziwa mengi amezeeka. Nilisoma ile who kwa kuivuta. Nikauliza, "Ng'ombe amekuwa mtu lini?" Darasa likacheka. Yeye akasimama, na kwa kuwa Kiingereza hakikumtosha, alijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo kwenye kipindi changu lilikuwa kosa la pili.

"Madam, kwa Kiswahili tunasema ng'ombe ambaye. Hatusemi ng'ombe ambacho. Na huyu wa kwetu ana jina."

Mwalimu yeyote mwenye akili timamu angesimamisha kipindi hapo. Mtoto wa miaka kumi na mitano, Kiswahili chenyewe amejifunza shuleni, ameziweka lugha mbili sambamba, akaona mahali zinapoachana, na akauliza kwa nini. Mimi sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo, na Kiswahili nilizaliwa nacho. Nilikasirika kwa sababu hiyo. Nikamwambia, "Basi mlete yeye asome, wewe ubaki zizini." Walicheka mpaka darasa la jirani wakaja dirishani kuchungulia. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Wa Ng'ombe, na mimi mwenyewe nilimwita hivyo mara mbili tatu, kwa utani.

Kisha zikaja habari kwamba wathibiti ubora, ambao sisi wengine bado tunawaita wakaguzi, watafika shuleni. Mkuu wa shule alikuwa mgeni, mlokole asiyetaka mchezo, na alikuwa ametangaza kwenye kikao kwamba mwalimu atakayebainika kufanya udanganyifu wa aina yoyote asitegemee barua yake ya uhamisho ipitie mikononi mwake. Barua yangu ya kuomba kuhamia Shinyanga mjini ilikuwa mezani kwake wakati anasema hivyo.

Ujanja nilioutumia sikuubuni mimi. Walimu wengi wanaufahamu na wengine wanaufanya mpaka kesho. Unawaambia wanafunzi: wageni wakiwepo, nikiuliza swali, darasa zima linyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Wewe mwalimu unachagua wa kulia peke yao. Mgeni aliyekaa nyuma anaona msitu wa mikono, anaandika kwamba ushiriki wa wanafunzi ni mzuri sana.

Mimi niliongeza la kwangu. Niliogopa kuwaachia watoto wajipime wenyewe, maana mtoto anaweza kudhani anajua kumbe hajui. Kwa hiyo nilikaa na orodha ya mahudhurio nikawagawa. Thelathini na wawili kulia. Kumi na wanne kushoto, siku nzima, swali lolote litakaloulizwa. Nilisoma majina mbele ya darasa, tukafanya mazoezi siku tatu. Wale wa kushoto siku ya kwanza walicheka, siku ya pili wakanyamaza, siku ya tatu walinyoosha mikono bila hata kusikiliza swali.

Yule binti nilimpanga kushoto. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya ng'ombe.

Alinifuata ofisini mchana wa siku ya tatu. Alipiga goti kidogo kama walivyozoea kwao, akasema, "Madam, naomba niwe wa kulia. Nimesoma, naielewa. Hata whose naiweza." Nilikuwa napanga zana zangu za kufundishia, karatasi za manila nilizozichora kwa kalamu za rangi. Sikunyanyua uso. Nikamwambia siku ya wageni si siku ya kufanyia majaribio. Akasimama pale kama dakika nzima. Nikamuuliza kama amekuwa kiziwi, akatoka.

Siku yenyewe kipindi kilikwenda kama maji. Mkaguzi aliyeingia kwangu alikuwa baba wa makamo, mpole, suti yake imepauka mabegani. Alikaa nyuma na daftari. Niliuliza, mikono ikapanda yote. Nilichagua, wakajibu. Niliuliza tena, ikapanda yote. Nilijisikia kama mpishi ambaye pilau imemkubali. Dakika kumi kabla ya kengele, yule baba akasimama na kuniomba kwa heshima kama anaweza kuuliza swali moja yeye mwenyewe. Ungemkatalia vipi?

Aliandika ubaoni: I have an aunt. Her shop is in Segese. Nina shangazi, duka lake liko Segese. Akaomba mtu aziunganishe ziwe sentensi moja. Mikono ikapanda yote, kulia na kushoto. Naye, bila kujua lolote, akamnyooshea kidole binti wa dirishani.

Binti alisimama na mkono wa kushoto bado uko juu. Hakumtazama mkaguzi, alinitazama mimi. Alikuwa ananiomba ruhusa. Kutikisa kichwa tu kungetosha, yaani ningeshusha kidevu kidogo hivi, na maisha yake yangekuwa mengine. Sikutikisa. Niliogopa atasema jambo la ng'ombe. Nilimkazia macho, naye akaelewa kwamba nilivyopanga ndivyo ilivyopangwa.

"Samahani," akamwambia mkaguzi kwa Kiswahili, taratibu kabisa. "Mimi ni wa kushoto."

Mkaguzi hakuelewa. "Wa kushoto?" Ndipo nikaingilia, kwa Kiingereza changu cha haraka, nikamwambia yule baba amsamehe, huyu mtoto uelewa wake ni mdogo sana, ametoka shule dhaifu, tunamsaidia lakini ni mzito. Nilisema yote hayo mbele yake. Nilijidanganya kwamba Kiingereza hicho hakimwingii. Mkaguzi akamwambia kwa upole akae, asiogope, aandike jibu kwenye daftari lake kwa wakati wake. Akakaa, akaandika.

Jioni nilikusanya madaftari. Lake lilikuwa katikati ya rundo. Chini ya tarehe, kwa zile herufi zake zilizobanana, aliandika: "I have an aunt whose shop is in Segese." Haikuwa na kosa lolote, hata nukta alikuwa ameiweka. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nilikaa nayo, nikamsikia jirani yangu nje anaita kuku wake, nikafunga daftari bila kuweka vema wala kosa. Madaftari mengine yote niliyasahihisha.

Ingeishia hapo, ningekuwa na aibu ndogo tu ya kusimulia kwenye harusi za walimu. Lakini kwenye kikao cha majumuisho yule mkaguzi alinisifu. Alisema hajaona darasa lenye ushiriki kama langu. Kisha akaongeza kwamba yuko binti mmoja anahitaji msaada wa karibu, anaonekana ana hofu au tatizo la uelewa, na mzazi aitwe ili shule na nyumbani washirikiane. Mkuu wa shule akaandika. Yule mkaguzi, baba wa watu, alikuwa na nia njema kabisa.

Mzee alikuja Ijumaa asubuhi. Alikuwa amevaa koti juu ya shati jeupe, koti zito la kwenda kanisani, na joto lile. Kwa kuwa alikuwa na wasiwasi alisahau Kiswahili, akatuamkia "Mwangaluka", kisha akajisahihisha. Tulikaa watatu katika ofisi ya mkuu. Mkuu akaeleza kwamba binti alisimamishwa mbele ya mgeni akashindwa kujibu swali, tena kwenye mada ambayo darasa zima waliielewa. Akanigeukia mimi nieleze zaidi, maana mwalimu wa somo ni mimi.

Nililiona lililo mbele yangu kama ninavyoiona karatasi hii. Nikisema binti anajua, mkuu atauliza mbona hakujibu. Nikijibu hilo, mkono wa kushoto utatoka nje, na barua yangu ya uhamisho itabaki mezani mpaka nistaafu. Mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anangoja. Hakuwa anamtazama mkuu. Alinitazama mimi tu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwahidi.

"Mzee," nikasema, "nimejitahidi kwa uwezo wangu wote. Kichwa chake hakishiki."

Hakubisha. Midomo yake ilicheza kama mtu anayerudia neno ili asilisahau. Kisha akasimama, akavua kofia. "Wabeja, mwalimu," akasema, akanishukuru kwa lugha yake, na akarudia kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa. "Nakushukulu. Wengine wangenificha." Mkuu alinitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa kabla. Akamsihi mzee asimwondoe mtoto, kwamba sheria hairuhusu, kwamba anaweza kurudia darasa. Mzee aliitikia kila neno kwa upole na kutoka.

Jumatatu binti hakuja. Wiki iliyofuata tukasikia yuko Segese kwa shangazi yake, anasaidia kupikia wachimbaji. Mkaguzi alikuwa ameokota mfano wake hewani tu, kumbe shangazi wa kweli alikuwepo, na si mwenye duka bali mama ntilie. Siku tisini zilipotimia, mimi kama mwalimu wa darasa ndiye niliyetakiwa kujaza safu ya mwisho kwenye daftari la mahudhurio. Niliandika "mtoro". Mwandiko ni wangu, na naamini daftari hilo bado lipo kwenye kabati la shule ile.

Baada ya mavuno mzee alirudi. Alikuja na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani mpaka vinakauka, akaniletea mpaka mlangoni kwangu. Alisema mtu aliyekuambia ukweli kuhusu mwanao humwachi hivi hivi. Nilipokea. Nilimkaribisha chai, akakataa kwa kuwa alikuwa na safari ndefu. Michembe ile niliichemsha na karanga, nikaila karibu mwezi mzima. Ingekuwa vizuri kusema ilinikwama kooni, lakini ilikuwa mitamu, na sikuitupa hata kipande.

Uhamisho ulipitia. Nikaja shule ya huku mjini, nikapanga nyumba Ibadakuli, nikapata watoto wawili na sifa ya ualimu mzuri. Ulimi niliupunguza makali. Mikono ya wanafunzi sikuichezea tena. Lakini kila mwaka mada ile inafika, nami naumwa. Mara moja nilijikaza nikaingia darasani kuifundisha. Nilipoandika whose ubaoni, nikajikuta nimesimama tu na chaki, watoto wananishangaa, mpaka kiongozi wa darasa akaniuliza kama aniletee maji.

Mwaka jana mwishoni nilipangiwa kusimamia mtihani wa taifa katika shule moja ya Segese. Orodha ilipotoka nilitafuta mtu wa kubadilishana naye, nikakosa. Tulipofika, walimu wenyeji walituambia chakula cha mchana kizuri kiko kwa mama mmoja karibu na stendi, kijana bado, ana mkono mzuri wa mchuzi, alirithi mgahawa kutoka kwa shangazi yake. Nilijua ni nani kabla hawajamaliza sentensi. Siku ya kwanza nilisema nimefunga. Siku ya pili nilikula biskuti chumbani. Siku ya tatu nikajiambia mwanamke mzima kama mimi siwezi kujificha na biskuti, nikaenda.

Alinitambua kabla sijakaa. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja mbio, akapiga lile goti lao. "Shikamoo, Madam!" Alikuwa amenenepa kidogo, uso umekomaa, macho ni yale yale. Wateja walimwita mama fulani, kwa jina la mwanawe. Alinikalisha meza ya karibu na jiko, akaniletea wali maharage na kipande cha samaki ambacho sikukiagiza. Kisha akawageukia wachimbaji waliokuwa wanakula, vumbi jeupe bado liko kwenye nyusi zao, akawaambia kwa fahari, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyenifundisha Kiingereza. Mkweli sana. Wenzangu waliachwa wapoteze miaka minne bure, wakatoka na sifuri. Huyu alimwambia baba mapema."

Wachimbaji wakanisalimia kwa heshima. Mmoja alisema walimu wa namna hiyo wameisha. Mimi nikainama kuchambua miiba ya samaki.

Nilingoja. Chakula kilipoisha na watu wakatoka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua sufuria kwa mchanga na jivu. Nikavuta kigoda. Nikamwambia nilimdanganya baba yake. Nilimwambia yote, hakuna nilichokiruka: orodha, kushoto, barua ya uhamisho, macho niliyomkazia, daftari nililolifunga. Nilizungumza kwa haraka, maana niliogopa nikipumzika nitaacha. Yeye aliendelea kusugua. Nilipomaliza, akamwaga maji, akaweka sufuria kifudifudi.

"Ile sentensi uliiona?" akauliza.

"Niliiona siku ile ile."

"Ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua ni sahihi. Nikawa najua kabisa. Halafu daftari likarudi halina alama, na baba akarudi amesikia kwako, nikasema basi labda kujua kwangu ndiko kulikokuwa na kasoro." Aliichukua sufuria nyingine, akaiangalia ndani, hakuanza kuisugua. "Baba alifariki mwaka juzi, Madam."

Nikamwambia pole. Akapokea kwa kichwa.

"Alinipenda sana. Tangu siku ile uliyomwambia hakuwahi kunigombeza tena. Nikiunguza ugali, nikisahau kufunga ndama, nikimjibu mtu vibaya, anawaambia watu, 'Msimlaumu, mumvumilie tu. Mwalimu wake alishaniambia.' Hata hospitali, siku za mwisho, nilikuwa namwandikia saa za dawa zake kwenye karatasi. Namsomea. Alikuwa anamwita nesi pembeni, kwa aibu, anamwomba aje ahakikishe tena."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kulia kwangu kulinitia aibu zaidi, kwa sababu aliona ni lazima aache kazi yake anibembeleze. Alinipa kona ya kanga yake nifute uso. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema amekataa. Watu wa zamu ya jioni walikuwa wameanza kuingia, wanavuta mabenchi, wanaulizia kama samaki wamebaki. Akasimama, akachukua sahani yangu iliyokuwa bado na wali nusu, akaniuliza kama nimeshiba au anifungie nikale baadaye.

Nikamwambia anifungie.